Nina watoto watatu, nafuma vitambaa, naandika riwaya ya Old Moshi ya miaka ya 1890. Hivi ndivyo tunavyoishi

Sindano ya Pasua ameandika:

Habari za jioni wakuu. Wazee wote mliomo humu, shikamooni.

Wiki hii nimeona watu watatu wakiuliza mtu mwenye familia anapata wapi muda wa kuandika kitabu, tena kitabu cha historia chenye mambo ya kuhakiki kila ukurasa. Swali hilo nimekaa nalo miaka mitatu, kwa hiyo nashusha uzi. Ni mrefu.

Mimi ni Mpare wa Same niliyeolewa Old Moshi, makazi yetu ni Pasua, Moshi mjini. Mkubwa wetu yuko darasa la saba, wa kati la nne, mdogo chekechea. Mchana nashika vitabu vya hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Jioni nafuma vitambaa vya makochi na vya meza, kazi aliyonifundisha mama nikiwa na miaka kumi na moja, sijawahi kuiacha. Riwaya yangu inaanza Juni 1892, vita ambayo vijana wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, walimshinda Mjerumani von Bülow na yeye mwenyewe akafa. Inaishia Machi 2, 1900, siku Meli aliponyongwa pale Old Moshi pamoja na viongozi wenzake.

Mwaka wa kwanza nilikosea vibaya. Nilikuwa naanza saa nne usiku watoto wakishalala, naandika mpaka saa nane. Asubuhi nafika kazini tarakimu zinacheza machoni. Mwezi wa tano nikasahau kikao cha wazazi cha mkubwa wangu. Alinisubiri kwenye benchi nje ya darasa mpaka mwalimu akamwambia aende tu nyumbani. Yeye mwenyewe hakuniambia, nilikuja kuambiwa na mama jirani. Mume wangu hakugomba. Alisema, "Humu ndani kuna mgeni, na hatujui anaondoka lini." Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilisimamisha kila kitu miezi miwili. Katika kukaa huko nikifuma tu, ndipo nikaona kosa lilikuwa wapi. Riwaya ya historia ina kazi tatu ndani yake. Kuna kuuliza, kuna kuhakiki, na kuna kuandika kwenyewe. Inayotaka ukimya ni ya mwisho peke yake. Mimi zote tatu nilikuwa nazifungia chumbani usiku wa manane, kumbe mbili za kwanza zinataka watu, zinataka mchana, na watoto wakiwepo zinakwenda vizuri zaidi.

Niwape mfano. Sura ya pili nina mwanamke anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, siku ambazo habari za vita zinafika. Nilikuwa nimeandika sentensi moja tu, kwamba alipika mbege. Basi mjukuu mmoja wa mama mkwe akawa na kipaimara, tukapanda juu mimi na watoto kwenda kusaidia. Ulezi ukaloweshwa, ukatandazwa juu ya majani ya mgomba na kufunikwa. Mtoto wangu mdogo akawa anafunua kila baada ya muda kuangalia kama umeota, na mara ya mwisho alipofunua akapiga kelele: vimizizi vyeupe vimeshikana, ukiinua kiganja kimoja kinanyanyuka kama kipande cha mkeka. Ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea. Ndizi mbivu zikachemshwa kwenye pipa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zichache, zikakamuliwa, likaingia gome la msesewe la kutia uchungu, mwisho ukaja mso, yaani ule uji wa kimea. Nikamuuliza mama mkwe, "Je, mtu akipata dharura katikati, anaweza kuahirisha?" Akanitazama. "Mwanangu, ulezi ukishalowa huwezi kuuambia ungoje."

Hiyo kauli ndiyo iliyonipa sura nzima. Sasa mwanamke wangu anasikia vita inakuja na hawezi kuondoka kwa sababu ulezi wake umeshaota. Nisingeipata chumbani, hata ningekesha mwaka.

Kuhakiki nako tunafanya kwa mchezo. Kule juu ya Kiboriloni, kwenye kihamba cha wakwe, yaani shamba la nyumbani la migomba, mimi na watoto tunasimama katikati ya migomba na kuondoa vitu ambavyo 1892 havikuwepo. Mchezo unaitwa "toa." Mkubwa anasema, toa mabati. Wa kati, toa bomba. Toa waya za umeme. Toa mgrivea, maana huo mti umetoka Australia. Toa mparachichi. Kisha tukafika kwenye mibuni na wote wakanyamaza, hakuna aliyeamini kwamba kihamba kinaweza kuwa kihamba bila kahawa. Lakini kahawa ililetwa na mapadri wa misheni ya Kilema, ambayo ilianzishwa 1890, na ilichukua miaka mingi kuingia katika vihamba vya watu. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, ni cha 1925, na KNCU, chama cha ushirika kilichofuata, ikaja 1933. Mimi nilikuwa nimempitisha mhusika wangu kwenye mibuni iliyochanua maua meupe mwaka 1892! Kurasa nne zikafutwa pale pale tukiwa tumesimama.

Kinachobaki ukishatoa vyote ndicho kinachonipa moyo. Inabaki migomba, magimbi, viazi vikuu vikipanda mti, mringaringa, masale kwenye mpaka, na mfereji. Mfereji ulikuwepo kabla ya Mjerumani yeyote, na unapita pale pale.

Kuandika kwenyewe ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili kasoro. Naandika kwa mkono kwenye kaunta buku, kurasa mbili, nikimaliza mbili nafunga hata kama nina la kuongeza. Siku nyingine silengi kuandika hata neno. Usiku nalala saa nne kama watu wengine.

Na kufuma? Watu wengi wangenishauri niache. Sikubali. Sindano ikiwa mkononi na familia iko sebuleni na taarifa ya habari inaendelea, kichwa kinapanga sentensi za kesho. Nikikosea kuhesabu vitundu narudia mstari, na sentensi nayo inarudiwa. Tena Desemba vitambaa ndivyo vinavyonilipia nauli na kunakili karatasi. Nilichoacha ni kuku wa mayai, ambao niliwapenda, lakini alfajiri ilikuwa yao na haiwezi kuwa ya watu wawili. Niliwauza wote siku moja na nikahuzunika wiki nzima.

Karibuni mchangie. Wenye njia tofauti nataka kuzisikia kwa dhati.

Redio ya Sakina amejibu:

Asante dada kwa uzi. Nipo Arusha, naongoza wageni mlimani na hobi yangu nyumbani ni kufufua redio za zamani, zile za mbao. Naandika kuhusu Wameru waliohamishwa Engare Nanyuki Novemba 1951, nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kuwasemea Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earl Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na kazi zake hapo hapo kwenu Moshi.

Kwangu ratiba ya wiki haiwezekani. Ukiwa kwenye njia ya Marangu au Machame ya kupanda Kilimanjaro siku sita huna alfajiri yako. Mimi nagawa mwaka. Juni mpaka Oktoba ni wageni, sigusi kalamu, nasikiliza tu na kuandika majina ya mahali. Masika ikianza, Aprili na Mei wageni wamekatika, naandika kila siku mvua ikigonga bati, na mke wangu anajua hiyo ndiyo miezi ya kitabu kama vile anavyojua Agosti ni mwezi wa mlima. Tuliongea tukakubaliana kabla. Hapo ndipo pakubwa, dada. Mwenzi wako akijua mgeni anaondoka lini, anamkaribisha.

Ila pa watoto nakupinga kidogo. Nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa kwa bibi mmoja wa kule nikamuulize habari za 1951. Bibi alianza vizuri, alipofika kwenye ng'ombe waliokufa njiani akalia, na mtoto akalia naye, usiku hakulala. Tangu siku hiyo naenda peke yangu.

Sindano ya Pasua amejibu:

Kaka wa Sakina, umenisahihisha na nakubali. Mbege na mchezo wa "toa" ni vya watoto. Ila nilipokwenda kusimama kwenye ule mti wa Tsudunyi, kuuliza habari za kunyongwa kwa Meli, niliwaacha nyumbani, na nilipaswa kulisema hilo tangu mwanzo. Na hilo la kupanga mwaka na mwenzi, mume wangu amelisoma hapa pembeni yangu akasema, "Huyo bwana ana akili." Tutalizungumza leo leo.

Niongeze jambo lililo karibu na hili. Yale ya Old Moshi watu wengine huyaita ya kale, lakini kuna familia ambazo bado zinangoja. Kichwa cha Mangi Meli kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Mwaka 2023 kule Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa huku kwetu. Ndugu hao ni majirani zetu, tunapanda nao daladala moja ya Kiboriloni. Kwa sababu hiyo Mangi katika riwaya yangu haongei hata mara moja. Anaonekana kwa mbali, anapita, watu wanasimama. Maneno nimewapa wapika mbege, wachota maji na mchukuzi wa msafara wa Pangani, watu niliowabuni mwenyewe. Mimi ni mtu niliyeolewa hapa, na naona ni adabu kusimama mlangoni kwanza.

Mzee wa Rupia amejibu:

Binti yangu, nimesoma yote. Umeeleza vizuri. Ila katika ile dondoo uliyotuwekea mwezi uliopita, mchukuzi wako mwaka 1892 anasema, "Sina hata hela." Hela hiyo ataitoa wapi? Neno limetokana na heller, sarafu ya Mjerumani. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, na mwaka 1904 ndipo wakabadili ikawa heller 100. Mchukuzi wako amelisema miaka kumi na miwili kabla halijazaliwa. Mpe "pesa." Au mpe kitambaa, maana huko bara mwaka huo wengi walikuwa wanalipwa merikani na shanga.

Sindano ya Pasua amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Nimeshika kichwa. Hilo neno nalitumia mara hamsini kwa siku, dukani na nyumbani, halikunipitia akilini kabisa kwamba lina mwaka wa kuzaliwa. Nimekwenda kwenye kaunta buku nimelikuta mahali saba. Mchukuzi sasa anasema, "Sina hata upande wa merikani," na imekuwa nzuri kuliko mwanzo, kwa sababu upande wa kitambaa unaonekana mkononi na mke wake anaweza kuuliza umekwenda wapi. Mungu akuweke. Ukiona lingine nipe, usinionee huruma.

Mtoto Kwanza amejibu:

Mimi nitasema wazi. Kitabu kitangoja, mtoto hangoji. Darasa la saba ni mwaka wa mtihani, halafu mama yuko 1892. Ukisoma hapo juu mtoto aliachwa kwenye benchi. Kwa nini usingoje wakue?

Sindano ya Pasua amejibu:

Ndugu yangu, ile benchi naikumbuka kila siku, na ndiyo maana nimeanza nayo. Hujakosea kuirudia.

Kungoja nilikufikiria kwa uzito. Lakini mama mkwe ana zaidi ya miaka themanini. Waliokuwa na simulizi kutoka kwa bibi zao waliozaliwa kabla ya 1900 wanaondoka, mwaka jana pekee kijijini tumezika watatu. Mtoto wangu mdogo akifika chuo, hakuna nitakayemuuliza. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni mama yangu. Alifuma miaka yote tukiwa miguuni kwake, na hatukuwahi kuhisi kwamba sindano imetunyang'anya mama, kwa sababu alikuwa anatujibu bila kuinua kichwa na alijua nani kati yetu amenyamaza mno. Usiku wa manane mlango umefungwa nilikuwa siwezi kujua hilo. Sasa najua.

Mtihani wa mkubwa tumeuwekea mpaka. Kuanzia Julai mpaka amalize, Alhamisi alfajiri ni yake, naamka naye anasoma, mimi nafuma pembeni. Jumapili sigusi kitabu. Na Desemba yote sigusi, Moshi inajaa, shemeji na wifi wanashuka kutoka Dar na Mwanza, nyumba inalala watu kumi na nne, na siku hizo nataka kuwa nao.

Rau Magharibi amejibu:

Dada, mimi nina mtoto wa miezi mitano na nusu ya riwaya kuhusu reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi 1911. Tangu nijifungue sijaandika hata mstari. Nalia. Nifanyeje?

Sindano ya Pasua amejibu:

Mdogo wangu, pole, na hongera ya mtoto. Kwanza usiandike. Mwili wako una kazi nyingine sasa, na hiyo nusu haijaoza, reli haitang'olewa.

Ukiwa unanyonyesha, mkono mmoja uko huru. Fungua simu, rekodi sauti. Usisome, usitunge, sema tu unachokiona: nani kasimama stesheni, ana nini mkononi, moshi umetokea upande gani. Dakika tatu, mtoto akishalala zima. Mimi wa mwisho nilipomnyonyesha sikujua hili, nilipoteza mengi yaliyonijia usiku. Mkirudi kijijini kumtambulisha mtoto, wazee watakuja wenyewe kumshika. Mzee mwenye mtoto mchanga mapajani anasimulia vizuri sana, nimeliona mara nyingi. Omba ruhusa ya kurekodi, taja tarehe na jina lake mwanzoni mwa sauti, basi. Kuandika kutakuja mtoto akianza kutambaa, au baadaye. Niandikie pembeni, napita Rau kila Ijumaa.

Redio ya Sakina amejibu:

Dada, umepata lipi jipya tangu juzi? Ulisema mnapanda Jumamosi.

Sindano ya Pasua amejibu:

Kaka, tulipanda. Tukacheza "toa" kama kawaida, na safari hii mama mkwe akatoka barazani akaja kusimama nasi na fimbo yake. Toa bati, toa bomba, toa kahawa. Yule mdogo akamtazama akauliza, "Na bibi tumtoe?" Tukakosa la kusema. Mama akasema, "Nitoe, mimi sikuwepo. Lakini bibi yangu alikuwepo, huyo mwache."

Halafu akatuongoza mpaka kwenye bomba la maji nyuma ya zizi. Kuna jiwe pale tunalowekea ndoo, nimelikanyaga mara ngapi tangu nimeolewa. Akamwambia mkubwa aondoe ndoo. Jiwe lina bonde katikati, laini kama ndani ya bakuli, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Akasema bibi yake alisagia ulezi hapo akiwa msichana, na bonde hilo alilikuta limeshaanza. Mdogo akaingiza kiganja chake ndani akakisukuma mbele na nyuma, hakuna aliyemwelekeza.

Mwanamke wangu katika sura ya pili alikuwa anasaga kimea nje ya ukurasa, nilikuwa nimeruka. Jumanne nilianza sura upya kutoka kwenye jiwe. Ndoo tumeipatia tofali.